John Archer: mpiga picha wa Battersea aliyeomba udiwani

Usiku wa tarehe 10 Novemba mwaka 1913, waandishi wa magazeti walijazana katika ukumbi wa baraza la manispaa ya Battersea, kusini mwa mto Thames, jijini London. Haikuwa kawaida kwa magazeti makubwa kuhangaika na uchaguzi wa meya wa manispaa moja miongoni mwa 28 za jiji hilo wakati huo. Meya wa manispaa siku hizo hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Madiwani waliketi, wakapiga kura, wakamvisha mwenzao mkufu wa cheo, na mwaka ulipoisha wakafanya uchaguzi mwingine. Lakini safari hii mmoja wa wagombea wawili alikuwa mtu mweusi, na siku kadhaa kabla ya kura watu walikuwa wameshaanza kuulizana swali ambalo wengi wenu mnaotusikiliza kutoka ughaibuni mnalijua kwa uchungu: huyu anatoka wapi hasa?

Majibu yalikuwa mengi. Wapo walioandika kwamba ni mzaliwa wa Rangoon, huko Burma. Wapo waliosema ni Mhindi. Mwenyewe, John Richard Archer, baada ya kushinda kwa tofauti ya kura moja tu, alisimama akawajibu kwa kejeli iliyowachekesha wenzake: kwamba yeye alizaliwa katika kijiji kidogo cha Uingereza ambacho pengine hawajapata kukisikia, jina lake Liverpool. Kisha akaongeza kwamba mama yake hakuwa Mburma. Mama yake alikuwa mwanamke wa Ireland.

Vitabu vinavyomtaja Archer aghalabu huanzia usiku huo na huishia hapo hapo: meya wa kwanza mweusi wa London, basi. Kwa maoni yangu, habari yenye manufaa zaidi ni ya miaka saba nyuma, mwaka 1906, pale mpiga picha huyu alipoamua kwa mara ya kwanza kuomba kura katika kata ya Latchmere, akiwa hana mkufu wala waandishi wa kumfuata. Alikuwa nani, na alitaka nini?

Alizaliwa tarehe 8 Juni 1863. Baba yake, Richard Archer, alitoka kisiwa cha Barbados akafanya kazi ya utumishi wa abiria katika meli. Mama yake, Mary Theresa Burns, alikuwa Mkatoliki wa Ireland. Liverpool ya wakati huo ilikuwa bandari ambamo mabaharia wa kila rangi walishuka, wakapanga vyumba karibu na gati, wakaoa, wakazaa. Mtu wa Mombasa au Unguja angeielewa mara moja. Tofauti ni kwamba katika miji yetu ya pwani mtoto wa baba kutoka ng'ambo na mama wa mji alipata jina na ukoo. Kule alipata jicho la pembeni.

Archer naye aliingia baharini kama baba yake. Alizunguka dunia, akaishi Marekani na Canada, na mke aliyemwoa, Bertha, alikuwa Mkanada mweusi. Katika muongo wa mwisho wa karne ya 19 wawili hao walihamia Battersea, wakakaa barabara ya Brynmaer, karibu na bustani kubwa ya Battersea. Archer akafungua studio ya kupiga picha katika barabara ya Battersea Park.

Tutue kidogo kwenye studio hiyo, maana kazi ya mtu ni sehemu ya siasa zake. Siku hizo watu wengi wa kawaida hawakuwa na kamera nyumbani. Watu waliokwenda kwa mpiga picha walikwenda katika siku kubwa za maisha yao: harusi, mtoto kupewa komunyo ya kwanza, kijana kuvaa sare, bibi kizee kabla hajafumba macho. Mpiga picha wa mtaa huzijua nyumba za mtaa. Hujua ni nani aliyeazima koti ili apigwe picha akiwa nadhifu. Sidhani kama Archer angeweza kupata shule bora ya udiwani kuliko hiyo.

Na mtaa wenyewe? Battersea ya leo, yenye maghorofa ya vioo, haifanani hata kidogo na ile ya Archer. Mwaka 1901 ilikuwa na watu zaidi ya 160,000, wengi wao wafanyakazi wa reli, wa viwanda vya gesi, wa kiwanda cha mishumaa, vibarua, wafua nguo. Moshi wa treni za Clapham Junction na Nine Elms ulitua juu ya nguo zilizoanikwa. Lakini watu hao walikuwa na siasa kali kuliko sehemu nyingi za Uingereza. Mbunge wao, John Burns, alikuwa fundi mitambo aliyepata sifa katika mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa bandari ya London mwaka 1889, na Desemba 1905 aliingia katika baraza la mawaziri, mfanyakazi wa kwanza kufika huko.

Baraza la manispaa lilikuwa mikononi mwa muungano uliojiita Progressive, yaani wapenda maendeleo, uliowaweka pamoja Waliberali, wanachama wa vyama vya wafanyakazi na wasoshalisti. Kauli mbiu ya manispaa ilikuwa ya Kilatini, na maana yake ni: si kwangu, si kwako, bali kwetu. Maneno ya kwenye nembo ni rahisi kuandika, lakini Battersea ilijaribu kuyatekeleza. Ilifua umeme wake yenyewe. Mwaka 1902 ilifungua kituo cha maziwa safi kwa ajili ya watoto wachanga, wakati ambapo maziwa machafu yaliua vichanga wengi mijini. Mwaka 1903 zilifunguliwa nyumba za Latchmere, ambazo baraza lilizijenga kwa mafundi wake lenyewe bila kumpa mkandarasi. Mitaa ya nyumba hizo ilipewa majina ambayo bado yapo: Uhuru, Mageuzi, na mmoja uliitwa Joubert, jina la jenerali wa Makaburu, kwa kuwa wakuu wa Battersea walikuwa wameipinga vita ya Uingereza kule Afrika Kusini. Kumpa jenerali wa adui mtaa ndani ya London! Wajuao historia ya Makaburu na Waafrika watatabasamu kwa uchungu kidogo, maana huruma ile kwa Makaburu haikuuliza sana habari za watu weusi waliokuwa wakitawaliwa nao.

Archer hakuingia siasa kupitia Battersea peke yake. Julai mwaka 1900, kuanzia tarehe 23 hadi 25, ulifanyika katika ukumbi wa Westminster mkutano wa kwanza kupewa jina la Umajumui wa Afrika. Aliyeuitisha alikuwa Henry Sylvester Williams, mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa akisomea uwakili London. Alikuwapo W.E.B. Du Bois kutoka Marekani, ambaye aliandika risala ya mkutano ikitabiri kwamba tatizo la karne ya 20 lingekuwa tatizo la rangi. Alikuwapo mtunzi wa muziki Samuel Coleridge-Taylor. Na mpiga picha wa Battersea alikuwapo pia.

Miaka sita baadaye, mwezi Novemba 1906, wawili kati ya watu hao waliomba kura kwa wakati mmoja: Williams katika manispaa ya Marylebone, Archer katika kata ya Latchmere. Wote wawili walishinda. Tena walishinda katika mwaka mbaya kwa upande wao, kwa sababu mahasimu wa Progressive, waliojiita Warekebishaji wa Manispaa na ambao hoja yao kubwa ilikuwa kupunguza kodi, walizoa manispaa nyingi za London mwaka huo. Battersea ilisimama.

Hapa inafaa kueleza ni nani hasa aliyekuwa akipiga kura. Haki ya kuchagua madiwani ilifuata ulipaji wa kodi ya nyumba. Mwanamke aliyekuwa mwenye nyumba au mpangaji kwa jina lake aliweza kupiga kura ya manispaa, ingawa hakuweza kumchagua mbunge. Mwaka 1907 sheria iliwaruhusu wanawake kuwa madiwani. Archer, mzaliwa wa Uingereza, hakuhitaji kibali cha mtu yeyote, na Williams, mzaliwa wa koloni, alihesabiwa raia wa mfalme kama yeye. Mabaki ya kanuni hiyo yapo hadi leo: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, ikiwa ni pamoja na Tanzania, Kenya, Uganda, na tangu mwaka 2009 Rwanda, anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura, na mwenye kibali cha kudumu anaweza hata kugombea udiwani. Ni ajabu ni wangapi miongoni mwetu hawajui hivyo.

Turudi kwa Archer. Alikuwa na lengo moja lililotangulia mengine, nalo lilihusu fedha: wafanyakazi wa manispaa, wale wafagia barabara na wazoa taka, walipwe kima cha chini cha shilingi 32 kwa wiki. Kwa hesabu za siku zile, shilingi 20 zilifanya pauni moja. Ili kuona uzito wa madai hayo, angalia utafiti uliofanywa na kundi la wanawake wa Jumuiya ya Fabian katika manispaa jirani ya Lambeth kati ya mwaka 1909 na 1913. Walizitembelea familia za wafanyakazi wenye kazi ya kudumu, watu wasiolewa, wasio wavivu, na walipochapisha matokeo yao kitabu kilipewa jina lililotaja kiasi ambacho familia hizo ziliishi nacho: kama pauni moja kwa wiki. Kodi ya chumba ikitoka, makaa yakinunuliwa, na peni za chama cha mazishi zikiwekwa kando, kilichobaki kilikuwa mkate na viazi. Baba alipewa nyama kwa sababu alibeba mizigo. Mama alikula alichobakiza. Shilingi 32 zilikuwa tofauti kati ya nyumba inayokopa na nyumba inayokula.

Archer na wenzake waliipata. Baraza likakubali kima hicho.

Nimevutiwa na jambo moja katika ajenda hii. Mtu mweusi anayeomba kura kwa watu ambao karibu wote ni weupe ana njia mbili zilizo rahisi: kuificha rangi yake kwa kutoitaja kabisa, au kuwa msemaji wa rangi hiyo peke yake. Archer hakuchukua yoyote kati ya hizo. Aliyekwenda Westminster mwaka 1900 kuzungumzia hatima ya Waafrika ndiye yule yule aliyebishana katika kamati za mabafu ya umma na afya. Wakazi wa Latchmere walimpa kura kwa ajili ya mishahara na mabafu. Mengine waliyajua, na hayakuwazuia.

Mwaka 1909 alipoteza kiti chake. Ndiyo mwaka ambao Warekebishaji waliitwaa hatimaye Battersea, na kuna kisa cha pembeni kinachoonyesha jinsi upepo ulivyogeuka. Septemba 1906, katika bustani ya Latchmere, baraza la zamani lilikuwa limeruhusu kusimamishwa sanamu ya mbwa wa kahawia, kumbukumbu ya mbwa aliyepasuliwa akiwa hai mbele ya wanafunzi wa udaktari. Wanafunzi hao walikasirika, wakaja mara kwa mara kujaribu kuivunja, na mwishoni mwa mwaka 1907 kukatokea vurugu mitaani huku wafanyakazi wa Battersea wakiilinda. Baraza jipya halikutaka gharama za kumlinda mbwa wa shaba. Machi 1910 liliiondoa sanamu usiku, chini ya ulinzi wa polisi.

Archer alirudi barazani mwaka 1912, na mwaka uliofuata ndipo ulipokuja usiku ule wa kura moja. Katika hotuba yake alisema kwamba historia imeandikwa, kwamba kwa mara ya kwanza mtu wa rangi amechaguliwa kuwa meya wa mji wa Uingereza, na kwamba mataifa ya watu weusi duniani yataitazama Battersea na kusema kwamba hapo mtu hupimwa kwa kazi aliyoifanya. Habari zilivuka bahari ya Atlantiki zikashangiliwa katika magazeti ya Wamarekani weusi.

Kwa haki ya historia, Archer hakuwa wa kwanza Uingereza nzima. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1904, daktari Allan Glaisyer Minns, mzaliwa wa visiwa vya Bahama, alichaguliwa kuwa meya wa Thetford, mji mdogo wa mashambani katika mkoa wa Norfolk. Archer alikuwa wa kwanza London, na hiyo yatosha. Kwetu Afrika Mashariki ilibidi kungoja karibu nusu karne: Dar es Salaam ilimpata meya wake wa kwanza Mwafrika, mshairi Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwaka 1960, na Nairobi ikampata Charles Rubia mwaka 1962. Kwa hiyo mwana wa baharia aliongoza manispaa katika makao makuu ya dola zaidi ya miaka 45 kabla Mwafrika hajaruhusiwa kuuongoza mji wake mwenyewe katika ardhi yake.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Archer alieleza hadharani kwamba tangu awe meya amepokea barua zinazomtukana mama yake kwa majina machafu kabisa. Barua hizo hazikumtukana yeye kwa uamuzi wowote alioufanya. Zilimtukana mwanamke wa Ireland kwa kuwa alimpenda mtu wa Barbados miaka 50 iliyopita. Ni katika kumjibu mwandishi wa barua hizo, nadhani, ndipo tunapomsikia Archer halisi, maana hakujitetea; alimtetea mama.

Vita ikaja Agosti 1914. Ilipokwisha, Archer alikuwa amehama kutoka kwa Progressive na kujiunga na chama cha Labour, na mwaka 1918 akawa rais wa chama kipya kilichoitwa African Progress Union, kilichowakusanya London watu wenye asili ya Afrika kutoka pande zote za dola. Mtihani wa kwanza ulimfuata kutoka mji aliozaliwa. Juni 1919 umati wa weupe huko Liverpool uliwashambulia mabaharia weusi, ukamkimbiza mmoja wao, Charles Wootton, hadi gatini, naye akafia majini. Kisha polisi wakawakamata weusi wengi kwa kupigana. Chama cha Archer kilisaidia kumlipa wakili wa kuwatetea mahakamani, Edward Nelson, mzaliwa wa Guyana ambaye, kwa bahati, naye alikuwa diwani katika mji mmoja wa kaskazini.

Miezi michache kabla, mwezi Februari, Archer alikuwa Paris katika kongamano la Umajumui lililoandaliwa na Du Bois kando ya mkutano wa amani. Hapa habari yake inagusa ardhi yetu moja kwa moja. Mojawapo ya maswali makubwa ya kongamano lile lilikuwa: makoloni aliyonyang'anywa Mjerumani yafanywe nini? Maana yake ni Afrika Mashariki ya Kijerumani, nchi ambamo vita ilikuwa imewamaliza wapagazi kwa njaa na magonjwa. Wajumbe 57 waliohudhuria walitaka Waafrika walindwe kwa sheria za kimataifa, ardhi yao isiuzwe, na washirikishwe katika kutawala. Wengine waliotaka kufika walinyimwa pasipoti na serikali zao. Mataifa makubwa yakagawana: sehemu kubwa ikawa Tanganyika chini ya Uingereza, Ruanda na Urundi zikapewa Ubelgiji. Hakuna mtu wa Tabora au Kilwa aliyeulizwa. Miongoni mwa wachache waliotaka aulizwe alikuwa diwani wa Battersea.

Mwaka 1922 Archer alikuwa wakala wa uchaguzi wa Shapurji Saklatvala, Mhindi wa jamii ya Parsi mzaliwa wa Bombay, aliyeingia Bungeni kwa tiketi ya Labour akiwakilisha Battersea Kaskazini. Hebu fikirini: jimbo la wafanyakazi wa Kiingereza, mgombea Mhindi, na mwongoza kampeni mweusi. Urafiki huo haukudumu. Saklatvala alikuwa mkomunisti, Labour ikaamua kuachana na wakomunisti, na Archer akachagua chama. Mwaka 1929 alimwongoza mgombea wa Labour, Stephen Sanders, aliyemwangusha Saklatvala. Wapo wanaomlaumu hadi leo. Mimi naona alikuwa amebaki pale pale alipoanzia, mtu wa kamati na wa bajeti, asiyekuwa na subira na mapinduzi yaliyokuwa yakiahidiwa kutoka mbali.

Alifariki dunia tarehe 14 Julai 1932, akiwa na umri wa miaka 69, bado diwani, safari hii wa kata ya Nine Elms, na naibu kiongozi wa baraza. Manispaa ya Battersea ilifutwa mwaka 1965 ikamezwa na Wandsworth. Jina lake lilisahauliwa hadi wanahistoria walipolifukua, na mwaka 2013, miaka 100 baada ya kura ile moja, posta ya Uingereza ilitoa stempu yenye sura yake na nyumba yake ya barabara ya Brynmaer ikawekewa kibao cha buluu. Nine Elms, mahali alipokuwa diwani kwa mara ya mwisho, sasa pana ubalozi wa Marekani, uliohamia huko Januari 2018. Nyumba za Latchmere bado zimesimama, matofali mekundu, na watu wanaishi ndani yake.